Deni Lisilo na Shahidi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna aliyewahi kuwapinga. Ila waliosema hivyo waliishi zama ambazo deni lilikuwa na sura. Mdai alijulikana kwa jina na kwa ukoo, kilichokopwa kilionekana kwa macho, na siku ya kukikabidhi watu waliketi wakitazama. Kijana wa leo wa Kisii au Nyamira, hapa Kenya, anadaiwa na namba. Alikopa kwa simu usiku akiwa kitandani, hakuna aliyemwona, na anapanga kulipa vivyo hivyo, kimyakimya, asijue mtu. Shida huanzia hapo. Dawa ni ileile ya wahenga, lakini haiponyi anayeinywa kwa kujificha. Atakaye kutoka kwenye deni na aanze kwa kulitamka mbele ya watu wake.

Tuwatazame wazee wetu kwanza. Kwa Abagusii wa zamani, mali ya kudaiana ilikuwa hasa ng'ombe, na ng'ombe wa mahari ndio waliokuwa na hesabu ndefu kuliko wote. Binti alipoolewa, ng'ombe walioletwa kwao hawakuwa mali ya kutumbuliwa ovyo. Kwa kawaida walitumika kumwolea mke kaka yake, yule ambaye nyumba nzima ilijua kwamba amepangiwa dada huyo. Kwa hiyo ng'ombe mmoja aliweza kuwa na watu wa nyumba mbili tatu wanaomhesabu, kila mmoja akimjua kwa rangi na kwa pembe zake. Asipofika, hakusahauliwa. Baba akifa, mwana alirithi deni pamoja na shamba. Mzozo ukizuka, wazee waliketi, wakawaita walioona makabidhiano, wakasikiliza kila upande mpaka kiasi kikajulikana.

Kulikuwa pia na deni la jasho. Mwenye shamba la wimbi lililozidiwa na magugu aliita risaga. Majirani walikuja na majembe yao, wakapalilia, wakala na kunywa kwake, na yeye alijua kwamba aliyeitikiwa leo ataitwa kesho. Hakuna aliyeandika kitu. Lakini ole wake aliyekula jasho la wenzake kisha akajitia ugonjwa zamu yao ilipofika: msimu uliofuata alipalilia peke yake.

Sisemi zamani hizo zilikuwa za neema tupu. Madeni ya ng'ombe yalizaa ugomvi uliopita vizazi, na wapo vijana waliozeeka wakingoja dada aolewe ndipo nao waoe. Lakini deni la wakati ule lilikuwa na mambo matatu ambayo la leo limenyang'anywa: mwenyewe anayejulikana, kiasi kisichobadilika usiku watu wamelala, na mashahidi. Aliyekopa hakuweza kujidanganya, maana kijiji kizima kilikuwa na hesabu yake.

Sasa tuje kwenye simu. Huduma ya mikopo ya M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012. KCB M-Pesa ikafuata mwaka 2015, na Fuliza ikaingia Januari 2019. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali nayo ikaleta Hustler Fund, mkopo unaoanzia shilingi 500. Katikati ya hayo, programu za kampuni binafsi zilimiminika kwenye simu za vijana mpaka mtu mmoja akawa na tano au sita. Si haki kuzilaani zote. Mama anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili akikosa shilingi 3,000 alfajiri, akazipata kwa simu, akauza mikungu yake na kulipa jioni, mkopo umemfaa. Alikopa kwa kitu kinachorudisha pesa, na alijua siku ya kulipa kabla hajakopa. Anayeumia ni yule anayekopa kula, kisha anakopa kulipa alichokula.

Hesabu yake hii hapa. M-Shwari hutoza ada ya 7.5% kwa siku 30, kabla ya ushuru. Kijana akikopa shilingi 4,000, ada ni 300. Mia tatu ni nini, anajiambia. Siku zikitimia anakwaruza 4,300, analipa, na kesho yake anakopa 4,000 zilezile kwa sababu mfuko umebaki mtupu. Akienda hivyo mwaka mzima, mara 12, atakuwa ametoa shilingi 3,600 za ada peke yake, na zile 4,000 bado anadaiwa. Mwenzake aliyekopa 4,000 kwenye Sacco inayotoza 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, akalipa kidogo kidogo kwa miezi 12, riba yake ya mwaka mzima ni shilingi 260. Pungufu ya ada ya mwezi mmoja ya yule wa kwanza.

Fuliza, mkopo wa kujaza salio la M-Pesa lisilotosha, nayo ina namna yake. Simama kwenye steji ya boda boda pale Keroka uone. Abiria anateremka, analipa shilingi 100 kwa M-Pesa. Simu ya mwenye pikipiki inalia: pesa imeingia. Kabla hajairudisha mfukoni inalia tena: mia hiyo imekwenda kulipia sehemu ya Fuliza. Amefanya kazi na mkono haukushika kitu. Petroli ataitia kwa pesa gani? Anafuliza tena. Ifikapo jioni amebeba watu kutwa nzima, na deni liko palepale lilipoamkia, limeongezewa ada ya siku. Ndiyo maana wengine huwaomba abiria walipe taslimu. Wanaikimbia simu yao wenyewe.

Deni la namna hii ni sangari shambani. Ukifyeka majani ya juu, kwa mbali shamba linaonekana safi, kumbe mizizi inatambaa chini kwa chini na kuchipuka penye mstari mwingine. Kulipa programu moja kwa mkopo wa programu nyingine ni kufyeka. Sangari hung'olewa, na anayeing'oa lazima ainame, achimbe, mikono ichafuke mbele ya wapita njia.

Kwa nini vijana wetu wameingia humu? Uvivu si jibu. Asemaye hivyo hajaamka saa kumi na moja akakuta vijana wamekwisha kujifunga vikapu wakielekea kwenye chai za watu. Ardhi ni sababu mojawapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba, na 605,576 Nyamira. Shamba la babu likigawiwa wana, kisha wajukuu, kinachomfikia kijana ni mistari michache ya chai na mahali pa kujenga. Pesa ya chai yenyewe huja kwa hatua. Mkulima wa wakala wa chai, KTDA, hupata malipo ya mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha anangoja bonasi ambayo kwa kawaida hulipwa Oktoba. Kati ya Januari na Oktoba kuna karo, kuna ugonjwa, kuna kula. Watu hukopa juu ya bonasi ambayo haijatangazwa, na kwa miaka mingi viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa vimekuwa vikitoa bonasi ndogo kuliko vya mashariki. Anayehesabu kwa matumaini mwezi Mei hulia mwezi Oktoba. Wengine, ili makato ya madeni yasiwafikie, huuza majani kwa wanunuzi wa barabarani wanaolipa taslimu bei ya chini. Hapo mtu amekimbia deni la kiwandani kwa kuuza mali yake kwa hasara.

Halafu kuna fahari. Desemba ikifika, wavulana wanapotoka jandoni, kila boma lataka turubai, spika, na ng'ombe wa kuchinja. Mazishi yana kamati, na kamati ina orodha, na jina la kijana anayesemekana "yuko Nairobi" huandikiwa kiasi kabla hajaulizwa. Hakuna anayetaka kuonekana ameshindwa. Anatoa simu, anakopa, anatuma, jina lake linasomwa kwa kipaza sauti, na watu wanapiga makofi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Makofi ni ya mchana mmoja. Malipo ni ya miezi sita. Na wapo waliojaribu kuyafuta malipo hayo kwa kubeti. Hao tusiwazungumzie sana. Wanajua wenyewe walikofika.

Katika yote haya, kinachomfunga mtu zaidi ni aibu yake, kuliko hata pesa. Kampuni za mikopo zililijua hilo mapema. Kulikuwa na miaka ambayo mkopaji akichelewa, programu ilichota namba zote simuni mwake na wakusanyaji wakampigia bosi wake, mchungaji wake, hata mama mkwe wake, wakimtangaza kuwa mwizi. Bunge lilirekebisha Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni zilizotoka Machi 2022 zikapiga marufuku matusi, vitisho na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Lakini angalia silaha ile ilikuwa na makali gani. Ilimkata tu yule aliyeficha. Mama akipigiwa simu kwamba mwanawe anadaiwa shilingi 6,000, naye akajibu, "Najua, amekwisha kuniambia, na tunalipa tarehe tano," mpigaji amebaki na nini mkononi?

Nimekaa jikoni kwa bibi mmoja upande wa Magombo, Nyamira, jioni mjukuu wake alipokuja na habari hizi. Alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, mshahara wake mdogo na wa kuchelewa. Bibi alikuwa akichambua mboga ya chinsaga kwenye ungo.

"Magokoro, nina neno."

"Sema, mjukuu wangu."

Akasema anadaiwa. Bibi hakuinua macho. "Na watu wangapi?" Kijana akaanza kueleza mambo ya limiti na ya salio, akamwonyesha simu. Bibi akaisukuma kando kwa kiwiko, akachota mahindi debeni, akamtilia kiganjani. "Weka chini punje moja kwa kila mwenye mali yake kwako. Ukiweka, mtaje."

Aliweka punje saba. Nne zilikuwa za simu, moja ya duka, moja ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na moja ya mwalimu mwenzake aliyemkopesha 1,500. Kwa kila punje bibi aliuliza maneno yaleyale: ni kiasi gani, ulikula nini, nani anajua. Swali la tatu ndilo lililomtoa jasho, kwa sababu kwa punje sita jibu lilikuwa hakuna. Alipokwisha, bibi aliisogeza ile ya mwalimu mwenzake ikakaa peke yake. "Huyu mnaonana kila siku?" Kijana akaitika. "Basi umeanza kupita njia ya nyuma ili usikutane naye."

Kweli alikuwa ameanza.

Mtu wa hesabu atasema bibi alikosea kuitanguliza punje hiyo: deni la rafiki halina riba, lingoje, ulipe kwanza la simu linalokua kila siku. Nami nasema wote wawili wana haki. Hesabu inakuonyesha deni gani linakula pesa yako. Mzee anakuonyesha deni gani linakula heshima yako, na mtu aliyekwisha kuliwa heshima hana wa kumwendea siku ya dhiki. Nenda kwa mwenzako kesho, usoni, umpe hata 200, mkubaliane tarehe ya zilizobaki. Ukishafanya hivyo, elekeza nguvu zote kwenye deni la ada kubwa.

Basi, kijana, kwanza fanya kama yule mwalimu. Andika kila deni: la nani, kiasi gani, ada yake kwa mwezi, siku ya mwisho. Usikadirie, fungua ujumbe usome. Wengi hugundua kwamba kilichowanyima usingizi ni kidogo kuliko walivyodhani, na wengine hugundua ni kikubwa zaidi. Wote wawili wamepata faida ya kujua. Kisha mpe orodha hiyo mtu mmoja anayekutakia mema na asiyekuogopa: mama, shangazi, kaka mkubwa, mwenzako wa chama. Si lazima akupe hata shilingi. Kazi yake ni kukuuliza kila mwisho wa mwezi umefika wapi.

Pili, acha kukopa. Hapa pana maumivu. Futa programu hizo, na siku Fuliza ikiisha jiondoe kwenye huduma, usiseme "nitaiacha tu ya dharura." Mwezi wa kwanza utakuwa mkavu. Utakula sukuma na ugali, utatembea ulikozoea kupanda boda, na utaiambia kamati ya mazishi, "Mimi nina 200 na mikono miwili, nitakuja kuchimba." Ukisema hivyo kwa adabu hakuna mzee atakayekulaumu, maana mazishi yetu yalibebwa na mikono kabla ya kubebwa na M-Pesa.

Tatu, panga madeni kwa kuangalia nani ataumia. Mali ya mtu mwingine ikiwa imefungwa kwenye deni lako, deni hilo hutangulia. Wapo akina mama waliochukua mkopo wa kikundi kwa niaba ya mtoto wao. Marejesho yalipokosekana, wenzao wa kikundi walifika nyumbani wakabeba makochi na mtungi wa gesi. Wapo waliosimama wadhamini kwenye Sacco na akiba yao ikakatwa. Mchuma janga hula na wa kwao, ndiyo, lakini si sharti awakaribishe mezani. Na hatimiliki ya shamba la baba isiguswe kwa deni la matumizi. Katika nchi yenye watu wengi hivi juu ya ardhi ndogo hivi, shamba likienda halirudi.

HELB usiiogope wala usiipuuze. Riba yake ni 4% kwa mwaka, nafuu kuliko mkopo wowote ulio kwenye simu yako, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya masomo kuisha. Kinachoua ni kimya: asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kisii miaka mitatu iliyopita na bado anatafuta kazi ni afadhali awaendee aseme hali yake na anachoweza kutoa, kuliko kujificha huku faini zikirundikana.

Nne, mtafute mdai kabla hajakutafuta. Wadai hupatana. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao mabenki yalipunguza angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokuwa imeharibika, kwa waliokubali kulipa kilichobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Mpango huo umepita, lakini umetufundisha kwamba mwenye mali huona afadhali nusu ya uhakika kuliko zima la hewani. Tena Sheria ya Benki, kifungu cha 44A kilichoanza kutumika 2007, inaizuia benki kukutoza riba inayozidi salio la mkopo lilivyokuwa siku ulipoharibika. Ukifika na maneno hayo mdomoni na kiasi fulani mkononi, utasikilizwa. Mkono mtupu haulambwi.

Tano, ongeza kipato, hata kwa kazi isiyolingana na cheti chako. Kuchuma chai ya jirani hulipwa kwa kilo. Kule Tabaka kuna mawe ya kusugua na kung'arisha. Ndizi za kijijini zina bei nyingine zikifika sokoni, na parachichi hutaka mtu wa kupanda mti na kuchuma bila kuangusha. Pesa hiyo ya pembeni yote iende kwenye deni la ada kubwa. Likiisha, kiasi kilekile kihamie kwenye linalofuata, bila kupumzika katikati.

Sacco je? Hizi zetu, kama Vision Point ya Nyamira iliyotokana na wakulima wa chai na Gusii Mwalimu iliyotokana na walimu, ndizo zilizokaribia zaidi ile risaga ya zamani: unaweka kwanza, unakopa baadaye, na watu wanaokujua wanakuwekea sahihi. Kuchukua mkopo mmoja wa Sacco ukafuta minne ya simu ni busara, kwa sharti kwamba ile minne haitarudi. Ikirudi, umejitia deni la tano, na safari hii umewafunga wadhamini pamoja nawe.

Siku utakapolipa la mwisho, dai cheti cha kuthibitisha kwamba huna deni, kisha uangalie taarifa yako ya CRB, ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Sheria inakupa nakala moja ya bure kila mwaka. Kuchelewa kwako kutabaki humo miaka mitano, lakini itaonekana pia kwamba ulilipa. Na kile kiasi ulichozoea kukitoa kila mwezi usikiache kirudi tumboni. Endelea kukilipa, sasa kwa jina lako, kwenye akiba. Umekwisha kujizoeza kuishi bila hicho. Miezi sita mingine haitakuumiza, na ukipata dharura hutaitafuta simu.

Kisha waendee wale uliowaambia mwanzo, uwaambie kwamba limekwisha. Waliokuona ukidaiwa wana haki ya kukuona ukiwa huru. Na siku mdogo wako atakapokujia na orodha yake, usimuulize akili zake zilikuwa wapi. Muulize ni kiasi gani, na nani mwingine anajua.